Jiwe la shilingi elfu mbili limetoka wapi?

(Haya ni maneno niliyoyasema Dodoma mbele ya wahudumu wa makumbusho, wachimbaji wadogo, mafundi wa kung'arisha mawe na wauza vinyago. Wengi walioalikwa walibanwa na mashamba, wakaomba niyaandike. Picha za ukutani nimeziacha. Umeme wenyewe ulikatika tukiwa picha ya tatu.)

Mbukwenyi!

Mbona sauti ndogo? Mbukwenyi!

Haya, sasa tumeamka. Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, wachimbaji mliotoka Haneti na Mpwapwa kabla jogoo hajawika, walimu, wanangu mnaouza kwenye maduka ya zawadi: itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa, na aliyenipa amekaa hapa mbele anatazama saa yake, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Wengi mnaniita Mama Mawe. Kabla ya jina hilo nilikuwa mtu wa kaunta. Nilikaa miaka mingi katika duka la zawadi la makumbusho fulani, nauza kadi, vinyago, kanga na mawe. Leo nataka kuanza kwa kuungama.

Siku moja lilikuja basi la shule. Mnajua basi la shule linavyoingia makumbusho: mwalimu mmoja, watoto sitini, na saa moja ya kuona kila kitu tangu dunia iumbwe. Watoto wakapita kwenye makabati ya vioo wakisoma lebo. Kila jiwe mle ndani lilikuwa na karatasi yake: jina la jiwe, kijiji, wilaya, mwaka lilipoletwa. Kisha wakatokea dukani kwangu. Kwangu kulikuwa na kapu la ukindu limejaa mawe yaliyong'arishwa, ya zambarau, ya pinki, ya kijani, ya buluu. Jiwe moja shilingi elfu mbili.

Mtoto mmoja wa kike, wa darasa la nne hivi, akaokota jiwe la buluu, buluu iliyokolea kama wino. Akaligeuza huku na huku. Alikuwa anatafuta karatasi, kwa sababu kule ndani tulimfundisha kwamba jiwe lina karatasi. Hakuiona. Akaniamkia, akauliza: "Anti, hili limetoka wapi?"

Nikamjibu: "Arusha."

Kwa nini Arusha? Kwa sababu boksi lilitoka Arusha! Lilikuja na basi, limeandikwa Arusha ubavuni kwa kalamu ya maka, na hilo tu ndilo nililokuwa nalijua. Mtoto akalipa, akafungua daftari, akaandika: jiwe la buluu, Arusha. Nilimwona akiandika. Nikapokea pesa.

Ilipita miaka ndipo fundi mmoja wa mawe akalishika jiwe kama lile, akacheka. "Mama, hii ni akiki. Ilizaliwa ya kijivu. Buluu hii ni ya ndoo." Ya ndoo, yaani imechovywa rangi. Akiki nyingi za makapu haya huchimbwa kusini mwa Brazili na Uruguay, na kuzipaka rangi ni kazi ya siku nyingi. Mji wa Idar-Oberstein kule Ujerumani ulitajirika kwa ufundi huo tangu karne ya 19. Jiwe la njano tulilokuwa tukiliita sitrini nalo, mara nyingi ni amethisti iliyopitishwa kwenye moto. Msinielewe vibaya. Kutia moto si dhambi. Tanzanaiti yetu wenyewe tunayojivunia, karibu yote hupitia moto ndipo ipate ile buluu. Dhambi ni kunyamaza. Mimi nilimwuzia mtoto jiwe la bara jingine, lenye rangi ya ndoo, nikamwambia Arusha, tena ndani ya nyumba ambayo kazi yake ni kusema ukweli juu ya mawe.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Nyumba moja, sheria mbili! Jiwe likitaka kuingia kwenye kabati la kioo, mhifadhi anauliza maswali kama askari wa mpakani: umelipata wapi, kwa nani, una karatasi gani? Na ana haki. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la makumbusho la dunia, zinamtaka ajue historia ya kitu kabla ya kukipokea. Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya urithi unataja hata vielelezo adimu vya madini, pamoja na vya wanyama na mimea. Lakini jiwe lilelile likipita mlango wa duka, linaulizwa swali moja tu: bei gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanamwonya mwenye mali asiibiwe. Mimi naligeuza kidogo: ukinunua mali isiyo na daftari, kuna mtu upande wa pili ambaye habari zake zimepotea.

Ngoja niwapeleke kwa mtu huyo.

Nilikwenda Haneti, kaskazini mwa mji wetu huu, upande wa Chamwino. Wenyeji wa huko mliomo humu mtanisahihisha nikikosea. Kule kuna krisopresi, jiwe la kijani la ukoo mmoja na akiki. Ukijani wake unatokana na nikeli. Ni jiwe zuri, lina uso kama tofaa bichi, ila usiliweke juani muda mrefu, linaweza kupauka. Nilifika kwa mama mmoja wa rika langu. Nje ya nyumba yake, pembeni ya mtama ulioanikwa, kulikuwa na chungu ya mawe ya kijani. Wajukuu walikuwa wamechagua mazuri wanachezea bao.

Nikamwuliza: "Dada, haya unauzaje?"

"Sado elfu tano. Ukichukua mbili, nakuachia kwa tisa."

"Ananunua nani?"

"Kijana wa pikipiki. Mwezi mwingine anakuja, mwezi mwingine haji."

"Anayapeleka wapi?"

Akatazama barabarani, akashusha sauti. "Wanasema yanatengenezewa vioo vya ndege. Wengine wanasema ni ya bomu."

Nikatoa simu, nikamwonesha picha ya kapu letu la dukani, na mikono ya watoto imezama ndani. Nikamwambia, dada, hakuna ndege hapa. Wanaonunua ni watoto. Wanakwenda kuyaweka mezani, wanayatazama.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye. Kisha akanyamaza, akaniuliza jiwe moja shilingi ngapi. Nikamwambia. Akachukua sado, akaimwaga kwenye kirago, tukahesabu wote wawili. Mawe 143. Hakuhitaji kalamu. Akasema: "Basi mimi nimekuwa nikiuza sado nzima kwa bei ya mawe mawili na nusu."

Ndugu zangu, hesabu hiyo aliipiga kabla yangu, na mimi ndiye niliyesoma.

Sasa, tusidanganyane. Si kila jiwe kati ya yale 143 linafika kapuni. Mengine yana nyufa, yanapasukia kwenye mashine. Pipa la kung'arishia linazunguka kwa wiki kadhaa usiku na mchana, na umeme mnaujua bei yake. Kuna pango la duka, kuna kodi. Na yule kijana wa pikipiki si mwizi. Anachoma mafuta, analala njiani, mara nyingine anabaki na mzigo ambao hakuna anayeutaka. Sijaja hapa kuwatukana madalali. Naona mmoja ameshaanza kukunja uso, Baba, kunjua uso.

Lakini mama yule hakujua jiwe lake ni nini, linakwenda wapi, linauzwa bei gani. Na sisi dukani hatukujua yeye ni nani. Pande zote mbili ni giza, na taa amebaki nayo mtu mmoja tu, aliye katikati. Mkisema biashara hiyo ni halali, nitakubali kwamba hakuna aliyeiba. Ya haki? Hapana. Hapo hamtanipata.

Na kuna ugumu mwingine, wachimbaji mnaujua. Niliporudi mara ya pili na daftari, nikamwambia dada, nataka kuandika jina lako na mahali unapochimba, alikataa. Alikataa katakata! Kwa nini? Hana leseni. Shimo liko kwenye shamba la shemeji yake. Nikiandika jina lake nikalibandika dukani, nimemchongea. Mnaona? Sisi watu wa mjini tunasema "uwazi, uwazi" kana kwamba uwazi haumgharimu mtu. Yeye uwazi ungemgharimu shimo lake.

Tulichofanya ni kwenda polepole. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, haiwezi kuchukuliwa na mgeni, na wanaweza kuiomba kama kikundi. Akina mama saba wakajiunga. Ilichukua muda, nauli na maneno mengi. Ofisi moja ilituzungusha mpaka tukajua majina ya walinzi wote. Lakini leo jiwe lao nikilinunua naandika jina la kikundi, mlima na tarehe, na hakuna anayekimbia. Kwa vito ghafi Serikali inachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na tangu 2019 yapo masoko ya madini ambako mtu anauza hadharani, bei anaisikia kwa masikio yake. Kwa dhahabu mfumo huo umebadilisha mambo. Kwa mawe yetu ya kapu, bado. Jiwe la sado halina mvuto sokoni; wenye mizani wanalitazama kama mtu aliyeleta kokoto.

Mkumbuke Juni 2020. Saniniu Laizer alipotoa mawe yake mawili ya tanzanaiti kule Mirerani, moja likiwa na zaidi ya kilo 9, nchi nzima ilijua jina lake, uzito wa mawe, na kwamba Serikali ilimlipa zaidi ya shilingi bilioni 7. Jiwe kubwa lina daftari. Rais anapiga simu! Jiwe dogo nani atalipigia simu?

Na kwa kuwa nimeigusa Mirerani, nisimame hapo kidogo, maana kuna kisa ambacho kila mtu wa duka anapaswa kukijua.

Mwaka 2001, baada ya yale mashambulizi ya Septemba kule Marekani, gazeti moja kubwa la huko likaandika kwamba biashara ya tanzanaiti inalisha magaidi wa al-Qaeda. Mnajua kilichofuata? Wauzaji wakubwa wakaogopa. Tiffany, walewale walioliingiza jiwe hili sokoni na kulipa jina mwaka 1968, wakaacha kuliuza. Kituo cha televisheni cha kuuza bidhaa, QVC, kikaacha. Bei zikaporomoka, na aliyeporomoka nazo hakuwa gaidi yeyote, alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, na mama anayemwuzia chapati. Februari 2002 wafanyabiashara na Serikali yetu wakakutana Tucson, Arizona, kwenye maonesho ya vito, wakatia saini makubaliano ya kufuatilia jiwe tangu mgodini. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikasema haikuona ushahidi kwamba magaidi wale walikuwa wakiitumia biashara hiyo. Mambo yakatulia.

Sasa sikilizeni. Juni mwaka huohuo, 2002, pale Mirerani, watu 39 walikufa chini ya ardhi kwa kukosa hewa. Mashine ya kusukuma hewa ilishindwa. Thelathini na tisa!

Miezi michache kabla, dunia nzima ilikuwa inaulizia jiwe hilo. Swali lilikuwa: hela yake inakwenda kwa nani? Nani aliuliza: hewa inaingiaje shimoni?

Kisa hiki kimenifundisha mambo mawili ambayo hayapatani vizuri, na sijaweza kuyapatanisha. Kwanza, mnunuzi anayeuliza maswali ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Pili, mnunuzi anayeogopa akakimbia anaweza kumwumiza mchimbaji kuliko asiyeuliza chochote. Kwa hiyo mkitoka hapa msiende kumwaga makapu yenu jalalani na kusema Mama Mawe amekataza. Sijakataza. Ukimkimbia yule dada wa Haneti kwa sababu karatasi zake hazijakamilika, umemwacha na kijana wa pikipiki peke yake. Kaa naye mpaka karatasi zikamilike.

Kuna jambo moja tu ambalo sina subira nalo: watoto. Kule migodini waliitwa nyoka, wale wadogo waliopenyezwa kwenye matundu ambayo mtu mzima hapiti. Wengine hukaa juu kwenye kifusi, wanachekecha. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Haiwezekani mtoto wa basi la shule achague jiwe kapuni, na jiwe hilo limechekechwa na mtoto wa umri wake aliyepaswa kuwa kwenye basi lilelile. Hapo mimi sikai na mtu. Natoka.

Mtasema, si kuna sheria za dunia? Zipo. Mpango wa Kimberley ulianza 2003, lakini ni wa almasi ghafi tu, tena unaangalia zaidi almasi za waasi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010, ya Umoja wa Ulaya ikaanza kutumika 2021, nazo zinagusa bati, tantalamu, wolframu na dhahabu. Basi. Akiki, amethisti, krisopresi, kwatzi ya pinki ya Madagaska, hazimo. Jiwe la shilingi elfu mbili halina polisi. Limebaki na wewe wa kaunta.

Sasa niwaambie kuhusu vumbi, na hapa nawaomba mafundi wasogee karibu.

Tukisema jiwe lina madhara, tunafikiria shimo. Tunasahau meza ya fundi. Kuna mji unaitwa Khambhat, kule Gujarat, India. Watu wake wametengeneza shanga za akiki tangu zama za kale, na shanga zao zilivuka bahari zikafika pwani yetu, mpaka Kilwa. Kazi nzuri, ya urithi. Lakini akiki ni silika tupu. Ukiisaga kavu, vumbi lake ni laini kuliko unga wa dona, halionekani vizuri, na likiingia mapafuni halitoki. Mapafu yanakakamaa. Madaktari wanauita ugonjwa huo silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Kule Khambhat wengi husagia nyumbani, kwa hiyo vumbi halimchagui fundi peke yake, linampata na mke, na mtoto anayelala chumba cha pili. Na mwenye silikosisi ni rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu.

Hayo ni ya India? Mimi nilikuwa na jirani fundi, hapahapa mjini. Kijana hodari, mikono ya dhahabu. Alikuwa anasaga mawe nyuma ya nyumba kwa mashine kavu, kitambaa amefunga usoni. Akaanza kukohoa. Akapewa dawa za TB miezi sita, akamaliza, akaendelea kukohoa. Kila alikokwenda aliulizwa: unavuta sigara? Hapana. Unakunywa? Kidogo. Hakuna aliyemwuliza unafanya kazi gani. Mimi mwenyewe niliyekuwa nanunua mawe yake, nikiyasifu, "kijana umeyang'arisha kama kioo", sikuwahi kuuliza anayang'arishaje. Alifariki akiwa na miaka 34. Sina cheti cha daktari kinachosema ni mawe. Nina kumbukumbu ya ule unga mweupe juu ya majani ya mpapai wake.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Mwenyekiti akaniletea maji.)

Asante, Baba. Na maji haya ndiyo yenyewe. Maji! Mashine yenye bomba dogo linalodondosha maji kwenye jiwe inapunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Ndoo, mpira, koki. Fundi atakwambia maji yanachafua mahali na yanapunguza kasi. Ni kweli. Basi mwongezee bei ya hiyo kasi. Sasa hivi sinunui jiwe kwa fundi mpaka nimeona mashine yake ikifanya kazi. Nikikuta sakafu imelowa, nakaa, tunaongea. Nikikuta sakafu ina unga, tunaongea habari ya bomba kwanza.

Niseme haraka kuhusu vitu ambavyo havipaswi kuwa kapuni hata vikiwa na daftari zuri namna gani. Visukuku: mifupa, meno, magamba yaliyogeuka mawe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda, si vya kuuziana mezani. Kipande cha mwamba wa Kolo, kule Kondoa kwenye michoro yetu iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, hata kama kimeanguka chenyewe. Kimondo. Alikuja mzee dukani kwangu siku moja na jino kubwa limefungwa kwenye khanga, anataka elfu hamsini. Nilimkaribisha chai. Nikamweleza, akaghadhibika: "Mnayaweka wenyewe kwenye vioo mnatoza kiingilio, mimi nikiuza ni kosa?"

Mnamjibuje mzee huyo? Mimi nilibabaika. Maana ana hoja! Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi. Mifupa ya dinosaria ikabebwa kichwani na watu wetu mpaka bandarini, ikapakiwa melini. Leo mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, watu wanakata tiketi kumtazama. Na mjue, ana lebo nzuri kabisa. Imeandikwa Tendaguru. Daftari limekamilika! Kwa hiyo msifikiri nimekuja kuwauzia lebo kama dawa ya kila kitu. Lebo ya Berlin inasema mfupa umetoka wapi. Haisemi waliobeba walipata nini, wala Lindi inapata nini leo. Ndiyo maana daftari langu lina safu moja zaidi, na safu hiyo ndiyo watu hawapendi niijaze: mchimbaji alilipwa shilingi ngapi.

Daftari lenyewe hili hapa. Ni kaunta buku ya kawaida, nimenunua Majengo. Mistari yake: jiwe gani, limetoka mlima gani au nchi gani, nani kachimba, nani kasaga na kwa maji au kavu, limetiwa rangi au moto, aliyechimba kalipwa ngapi. Mwuzaji akishindwa kujibu, naandika "hajui". Mwanzoni ukurasa mzima ulikuwa hajui, hajui, hajui. Niliona aibu, nikataka kuuchana. Mhasibu wetu akaniambia usichane, huo ndio ukurasa wa maana.

Wapo waliotutangulia. Kule Tanga, akina mama wa TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji, walipewa mafunzo na taasisi ya vito ya Marekani, GIA, pamoja na shirika la Pact. Walipewa kijitabu cha picha cha Kiswahili na sinia dogo la plastiki: unaweka jiwe, unalitazama kwenye mwanga, unajua lina thamani gani kabla dalali hajafungua mdomo. Baadaye ukaja mpango wa Moyo Gems, kuna siku za soko ambapo mnunuzi wa nje anakaa meza moja na mchimbaji. Ni vito vya pete hivyo, si mawe yetu ya kapu. Lakini yule dada wa Haneti angekuwa na sinia lile, habari za bomu zisingefika kwake.

Mwenyekiti nakuona, namalizia.

Tulipoanza kuweka lebo dukani, mauzo yalishuka kwanza. Mteja mmoja alisoma "akiki, Brazili, imetiwa rangi", akalirudisha kama limemwuma. Krisopresi ya Haneti tuliipandisha ikawa elfu tatu, tukaandika jina la kikundi, na ile elfu inakwenda kwao moja kwa moja. Inatoka. Si kama mahindi ya kuchoma, lakini inatoka. Wageni wanapiga picha lebo kuliko jiwe.

Ila stoo yangu ina maboksi nane ya zamani. Mawe mazuri, yalishalipiwa, na sijui hata moja limetoka wapi. Waliotuuzia wengine wamefunga, wengine hawapokei simu. Nitupe? Ni hasara, na aliyechimba hafufuki kwa mimi kutupa. Niuze kimya kimya? Ndivyo nilivyoanza. Kwa sasa nimejaza kapu moja, nikaandika: "Hatujui yalikotoka." Wiki iliyopita mvulana mmoja alisimama mbele ya kapu lile, akasoma neno kwa neno, akaniamkia. Safari hii mimi ni bibi, si anti tena.

"Shikamoo bibi. Kwa nini hamjui?"

Nikamwambia: "Marahaba. Kwa sababu sikuuliza."

Akachukua la kijani, akalipa, akaenda zake. Maboksi saba bado yako stoo, na mwenye wazo tuonane wakati wa chai. Daftari nitaliacha hapa mezani, mlifungue mtakavyo, hata ule ukurasa wa kwanza. Asanteni kwa kunisikiliza.